Mengi Yapi? Yataje

Barua ya kwanza niliyoandika kwa niaba ya Bi Mkubwa, jirani yetu wa Mbweni, Unguja, ilikuwa ya mwaka 1981. Alikuwa amefiwa na mwanawe wa pekee huko Uingereza, na waliobaki kule walikuwa mke wa marehemu, Mwingereza, na watoto wawili, wa kiume na wa kike. Uhai wake wote ughaibuni yule mwana alikuwa akimwandikia mama yake Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kama walivyofundishwa wote wawili chuoni, na mama akizisoma barua zake mwenyewe, bila ya kumsumbua mtu. Baada ya msiba zikaanza kuja za Kiingereza. Mimi nilikuwa nasoma skuli ya Lumumba, nyumba yetu na yake zikitenganishwa na uzio wa makuti tu, na mtaani ilikuwa imeshajulikana kwamba mtoto wa fulani anakijua Kiingereza. Nikaitwa.

Msomaji anayeijua Mbweni ya leo, ya majumba ya ghorofa, kuta ndefu na walinzi getini, aiweke kando kidogo. Mbweni ya wakati ule ilikuwa shamba. Ilikuwa ya minazi, miembe na mihogo, na njia ya mchanga inayoteremka mpaka pwani kwenye mikoko. Ndege za kutua uwanjani zilipita chini mno hata mazungumzo yakakatika. Kwenda mjini, kiasi cha kilomita saba, ulitembea mpaka barabara kuu ukangojea gari la mbao, na likija limejaa ukangojea jingine.

Katikati ya minazi hiyo kulikuwa na kanisa la Mtakatifu Yohana na magofu ya skuli ya wasichana ya St Mary's. Misheni ya UMCA ilinunua ardhi ya Mbweni mwaka 1871 ili kuwaweka watu waliotolewa utumwani, wengi wao watoto walioteremshwa kutoka majahazi yaliyokamatwa baharini. Mwaka 1877 akaja Caroline Thackeray, akaiongoza skuli ile mpaka 1902, na hata alipoacha kazi hakurudi kwao. Alifia hapa mwaka 1926, na kaburi lake lipo kanisani hapo. Jirani palikuwa na nyumba ya John Kirk, balozi wa Uingereza, na bustani yake ya miti ya kutoka nchi za mbali.

Nayataja haya kwa sababu kazi niliyopewa na Bi Mkubwa haikuanza na mimi. Watu wa misheni ile ndio waliokaa miaka na miaka na wenyeji wa Unguja wakiuliza: hiki mnakiitaje, na sisi tukisemeje kwetu? Edward Steere alitoa kitabu chake cha sarufi ya Kiswahili mwaka 1870. Arthur Madan akatoa kamusi ya Kiingereza kwa Kiswahili mwaka 1894, na ya Kiswahili kwa Kiingereza mwaka 1903. Na kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939, iliyojengwa juu ya ile ya Madan, ndiyo tuliyoitumia sisi. Ilikuwa ya mwalimu mstaafu, mwanamke mtu mzima wa ukoo wa misheni, ambaye bibi yake alikuwa miongoni mwa wasichana wa St Mary's. Jalada lilikuwa limeshatoka, akaifunga kwa kipande cha kanga. Yeye na Bi Mkubwa walikuwa mashoga, mmoja wa kanisani na mmoja wa msikitini, na kila panapofikwa pagumu katika barua aliitwa aje na kamusi yake.

Tulikuwa tukiandika barazani baada ya sala ya alasiri. Bi Mkubwa alikaa juu ya mkeka akishona kofia, miwani imeshikizwa kwa uzi, na mimi nilikaa juu ya kibao na ile karatasi nyembamba ya buluu ya posta, ambayo ukishaiandika unaikunja yenyewe inakuwa bahasha. Nafasi yake ni ndogo. Neno likikosewa huna pa kulirudia, kwa hiyo kila jambo tulilizungumza kwanza mpaka likakubalika.

Gumu la kwanza lilikuwa namna ya kumwita mwanamke mwenyewe. "Andika: kwa mkamwana wangu," aliniambia. Nikafungua kamusi, nikamwambia Waingereza wanamwita binti kwa mujibu wa sheria.

"Sheria ya serikali?"

"Ndivyo neno lao lilivyo, Bi Mkubwa."

"Basi sheria waachie mahakimu. Wewe andika binti yangu."

Mwalimu akamwambia haitoshi. Akieleza taratibu, kama aliyewahi kusimama mbele ya darasa miaka mingi, alisema kuwa Mwingereza akisoma maneno "binti yangu" kutoka kwa mtu asiyemzaa, atayachukua kuwa ni adabu ya barua, atayapita. Kwao mtu ni binti yako umemzaa au umemchukua kwa karatasi. Zaidi ya hapo husema fulani kwangu mimi ni kama binti. Na ile "kwangu mimi" ina kazi yake: msemaji anakiri kuwa hivi ndivyo anavyoona yeye, wengine wakiona vingine si neno.

Bi Mkubwa aliweka kofia chini. "Aseme kwangu mimi kwa nini? Kwani ni mkamwana wa nani mwingine?"

Nimefundisha Kiingereza miaka mingi baada ya siku ile, na sijapata kusikia tofauti ya lugha hizi mbili ikielezwa vizuri zaidi kuliko walivyoieleza wanawake wale wawili juu ya mkeka. Kwetu ukishamwita mtu ami, shangazi, mama mdogo au ndugu, umeshasema kila kitu, kwa sababu jina lile linakuja na haki na wajibu unaojulikana na mtaa mzima. Hakuna anayekuuliza moyoni mwako unaonaje. Mwingereza jina la ukoo halimfikishi huko. Yeye anangojea msemaji afungue kinywa aseme: huyu kwangu ana thamani hii, na kitu hiki kwangu ni hivi. Asiposema, anahesabiwa hana la kusema.

Basi tukaandika hivi: kwetu mke wa mwanangu ni mwanangu, na kwa hiyo nakuita binti, wala sikuiti kama binti. Ukiwa na shida, ni mimi utakayeniambia kwanza. Nikiwa na shida, nitakuambia. Mwalimu aliisoma mara mbili akasema sasa ataelewa.

Gumu la pili lilikuwa mjukuu wa kiume. Alikuwa na miaka saba hivi, na Bi Mkubwa alitaka asalimiwe kama anavyostahiki: "Msalimie mume wangu. Mwambie mkewe anamngoja. Na mke mwenzangu naye msalimie."

Msomaji wa Kiswahili hahitaji kuelezwa. Bibi humwita mjukuu wa kiume mume wangu, na wa kike mke mwenzangu, na mtoto anakua akijua kuwa hapo pana utani na pana madai: mume akija mikono mitupu atasemwa, na akinyimwa kaimati atanuna. Lakini nilimtazama mwalimu, naye akanitazama. Barua inakwenda kwa mama aliyefiwa na mumewe, Mwingereza, aliye peke yake na watoto wadogo. Ukimwandikia kuwa kuna bibi kizee Unguja anamwita mwanawe mume, atafikiri nini?

Nilidhani Bi Mkubwa atakubali tuandike "mjukuu wangu mpenzi" yaishe. Hakukubali. Alisema mjukuu mpenzi yeyote anaweza kuandika, hata mtu wa dukani. "Andika mume, kisha mwambie kwa nini." Ikabidi nusu nzima ya ile karatasi ya buluu iende kwenye maelezo: kuwa kwetu mtoto wa kiume huchukua nafasi ya babu yake aliyetangulia, kuwa bibi atamtania mpaka aone haya, kuwa utani huu ndio unaomwonyesha mtoto kuwa yeye ni mtu mkubwa katika nyumba hii hata kama hajapata kuiona. Mwalimu ndiye aliyetoa sentensi ya mwisho ya maelezo yale, kwa Kiingereza kizuri kuliko changu: kwamba mtoto anayeitwa hivi hawezi kuwa mgeni kwetu.

Majibu yalikuja baada ya wiki kadhaa. Chini ya barua ya mama yake, yule mtoto alikuwa ameandika kwa penseli, herufi kubwa zisizokaa mstarini: kutoka kwa mume wako mdogo. Akachora samaki. Bi Mkubwa alicheka mpaka akafuta macho, kisha akataka kujua samaki yule ni changu au tasi, maana kama ni mume kweli lazima ajue anacholeta nyumbani.

Lakini barua hiyohiyo ya mama ndiyo iliyoleta mzozo. Katikati yake aliandika kwa Kiingereza sentensi ambayo watu wao huiandika kila siku, na leo naiona katika kadi na simu za vijana wetu. Alisema kuwa Bi Mkubwa ana maana kubwa sana kwao. Niliifasiri kama ilivyo.

"Nina maana?" akauliza. "Mimi neno?"

Nikajaribu njia nyingine. Nikamwambia anakusudia kuwa wewe kwao ni mambo mengi.

"Mengi yapi? Yataje."

Sikuwa na jibu, kwa sababu barua haikuyataja. Mwalimu alimtetea yule mwanamke. Alisema ni maneno ya heshima na ya kweli, mwenzetu amekusudia kheri. Bi Mkubwa akajibu kuwa hana shaka na kheri, yeye anataka kujua tu. Mwanawe aliondoka Unguja baada ya Mapinduzi ya 1964, kijana asiye na mke, na hakurudi. Miaka yote ile hakumwona. Sasa kuna watu kule wanasema ana nafasi kwao, na yeye anataka aonyeshwe nafasi yenyewe iko wapi: wanamtaja lini, wanakula nini wakimtaja, mtoto anaambiwa nini akiuliza bibi yake ni nani.

"Muulize," akasema. "Muulize kwa adabu, lakini muulize."

Nilihofia kuwa suali lile litamuudhi. Kwa Kiingereza, mtu akikuambia una thamani kwake, unashukuru. Humwambii athibitishe. Tulilitafutia maneno jioni nzima, na mwishowe mwalimu akaliweka hivi: mama ni mzee, hajapata kuiona nyumba yenu, kwa hiyo mwandikie mambo madogo madogo ya nyumbani ili apate kukaa nanyi.

Barua iliyojibu ile haikuja kwa karatasi ya buluu. Ilikuja katika bahasha nene, kurasa pande zote mbili. Nilimsomea Bi Mkubwa polepole, na baadhi ya mambo yake nayakumbuka bila ya msaada wa karatasi. Mwanamke yule aliandika kwamba mumewe alikuwa akiziweka barua za mama yake katika bati la biskuti juu ya kabati la nguo. Kwamba yeye hajui kusoma hata herufi moja ya mle ndani, lakini kila ilipofika barua alijua kwa uso wa mumewe kama kuna mgonjwa au kuna harusi. Kwamba baada ya mazishi alizitoa zote akazipanga kwa tarehe za muhuri wa posta, kwa sababu hakuwa na njia nyingine ya kuzisoma. Kwamba mumewe akiumwa na mafua alitaka uji wa pilipili manga wa mama yake, naye akajifunza kuupika kwa kuelezwa tu na mtu aliyelala kitandani, na hajui mpaka leo kama alipata. Kwamba mtoto wa kike alipewa jina la Bi Mkubwa kuwa jina lake la pili, na skuli kila mwaka wanalikosea, na yeye kila mwaka anakwenda kulisahihisha.

Bi Mkubwa alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema: "Haya ndiyo mengi." Akaniambia nimwandikie namna ya kupika uji ule, kiasi cha pilipili na lini inatiwa, na kwamba mkono wa mtu aliyeelezwa na mgonjwa hauwezi kukosea sana.

Tangu hapo barua zao zilibadilika, za pande zote mbili. Naomba hili lieleweke, kwa sababu nimewasikia wengi wakisema Kiingereza ni lugha baridi, haina mapenzi. Si kweli, na barua ile ya kurasa nyingi ndiyo ushahidi wangu. Kiingereza kina njia zake nzito za kusema mtu ni nani kwako. Kinachodanganya ni ile sentensi ya tayari, iliyokwisha kukatwa na kushonwa, inayomfaa kila mtu. Kiswahili nacho kina za kwake. Ni mara ngapi tunaandika "mpenzi ndugu yangu" bila ya kumwona ndugu mwenyewe?

Kuna jambo moja ambalo hatukulifanikisha. Ile kofia niliyoitaja, aliyokuwa akiishona tulipoanza, ilikuwa ya mwanawe. Kofia za mkono zina kazi ndefu: kitambaa cheupe, sindano nyembamba, vitundu vidogo vinavyozungushiwa uzi kimoja kimoja mpaka ua litokee, kwanza duara la juu na kisha ukanda wa kuzunguka kichwa. Aliianza mwaka aliokimbia mwanawe, akaiacha, akaishika tena, akaiacha. Habari ya kifo ilimkuta amemaliza duara, ukanda umefika nusu. Alitaka mkamwana wake ajue kofia ile ni kitu gani, na kwa Kiswahili alikuwa na sentensi moja tu: "Kofia hii ndiyo yeye."

Tuliijaribu kila namna. Ukiiandika kama ilivyo, kwa Kiingereza inasomeka kama mtu aliyechanganyikiwa na msiba. Ukisema inanikumbusha yeye, umeifanya kuwa picha ya ukutani. Mwalimu alipendekeza tuseme ina thamani kubwa kwake, kisha mwenyewe akacheka kabla Bi Mkubwa hajamuuliza mengi yapi. Mwishowe tuliiacha sentensi yenyewe, tukaandika kazi: mwaka ulioanzwa, ua linaitwaje, usiku gani uzi ulikwisha dukani na mjini hakuna, wapi sindano iliposimama siku ya habari. Labda ndiyo njia iliyo bora. Lakini Bi Mkubwa hakuridhika, na mimi nikiisoma leo naona kuwa kitu kimoja hakimo.

Nasema nikiisoma leo kwa kuwa ninayo nakala. Bi Mkubwa alifariki mwishoni mwa miaka ya themanini, na mwalimu akamfuata baada ya muda mfupi. Miaka mingi baadaye wale wajukuu, watu wazima sasa, walikuja Unguja wakaulizia nyumba. Mume mdogo alikuwa na kipara. Walikuwa wamezitunza barua zetu zote, za buluu, pamoja na lile bati la biskuti na za baba yao zilizokuwa ndani, wakanipigia nakala. Za mama yao, zilizokaa Mbweni ndani ya kasha la Bi Mkubwa, ziliwahiwa na mchwa. Ile nene pia.

Mwaka 2021 Abdulrazak Gurnah, mtoto wa Malindi ya mjini Unguja aliyeondoka kijana baada ya Mapinduzi, alipopewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi, nilirudi kukisoma Paradise, kitabu chake cha mwaka 1994. Mle ndani mtoto Yusuf amezoea kumwita tajiri Aziz ami, mpaka Khalil wa dukani anamkanya: yule si ami yako, mwite seyyid. Jina la ukoo lilikuwa limefunika deni la baba yake, ambalo yeye ndiye rehani. Nilijua mara moja kuwa aliyeandika vile amekulia kwetu, ijapokuwa ameandika kwa Kiingereza, kwa sababu anajua jina la ami linavyobeba haki, na linavyoweza kuibeba haki ya uongo. Ida Hadjivayanis amekifasiri kitabu hicho kwa jina la Peponi, kikatoka mwaka 2022, na kwa Kiswahili makaripio yale ya Khalil yanauma zaidi.

Siku hizi napokea salamu katika simu kutoka kwa wanafunzi wangu wa zamani, na nyingi zimeandikwa Kiswahili chenye mifupa ya Kiingereza: unamaanisha kila kitu kwangu, wewe ni mtu muhimu sana katika maisha yangu. Na katika hitma nasikia marehemu alikuwa "kama baba kwangu", na huku msemaji amelelewa na marehemu tangu kunyonya. Huyo si kama baba. Ni baba, ami aliyelea ni baba, na mtaa wote unajua. Nami mwanafunzi akiniandikia namna hiyo humjibu kwa suali la Bi Mkubwa, na wengi hujibu vizuri sana.

Barua za wamisheni wa Mbweni zimehifadhiwa Oxford, na mtu akitaka kujua wasichana wa St Mary's walikuwa nani machoni pa wazungu waliowafundisha, atapata pa kusoma. Akitaka kujua wazungu wale walikuwa nani machoni pa wasichana, kwa mkono wa wasichana wenyewe, atatafuta sana. Na sisi wa juzi tuko katika hatari hiyohiyo. Baada ya mwaka 1964 nyumba ngapi za Unguja na Pemba ziliandikiana na Muscat, Dubai, Mombasa na London, kwa herufi za Kiarabu, za Kirumi, kwa mkono wa mtoto wa jirani? Karatasi zile zimo makashani, chini ya vitanda, na wanaoweza kusoma mkono wa wazee wanapungua.

Nawaomba wenye barua hizo wasizichome wakati wa kuhama wala wasiziache chini zikapata unyevu. Zipigwe picha, ziandikwe majina ya waliomo maadamu kuna mzee anayewajua, na walio tayari wazipeleke Nyaraka, pale Kilimani. Na aliye ughaibuni, mwenye bati la biskuti juu ya kabati, aandike kwao aulize kama nusu ya pili bado ipo.